Hodi ya Tatu

Gongoni, Tabora
11 Februari 2024

Imekwama tena, Shangazi. Hapa ninapokuandikia imekwama, na Mfaume amevua miwani ameiweka mezani, na akishavua miwani ujue hataki kusemeshwa. Ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

Nimeanza vibaya bila salamu. Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu ya vumbi la barabara. Usoke nao wazima. Baba ameanza kuchuma majani ya chini ya tumbaku, ila upepo umemwezulia bani la kukaushia upande mmoja na anasema ni mimi wa kuja kuliezeka, nikamwambia kazi hainiruhusu, akacheka, akasema kazi gani ya kukaa kwenye kiti.

Barua hii nampa Zablon, yule konda mfupi wa basi la Igunga. Ataiacha kwa Zuwena jirani yako pale stendi anapouza maandazi. Nimeona niandike kwa sababu simu inanishinda. Jumamosi nilikupigia mara nne. Unapokea, unasema haloo, haloo, nani wewe, sema basi, halafu unakata. Na mimi nilikuwa naongea. Nilipaza sauti mpaka watu wa saluni ya jirani wakatoka kuangalia nani anapigwa.

Uliuliza kwa Zablon kazi yangu ni nini hasa. Kazi yangu ni kuangalia. Mfaume ana kompyuta moja kuukuu, kubwa kama kabati la vyombo. Ndani ya hiyo kuna kompyuta nyingine nne ambazo hazipo. Si utani, Shangazi. Ukiziuliza kitu zinajibu, lakini ukifungua kabati huzioni, ni za kujifanya tu. Kila moja inatumikia kituo cha afya kimoja cha kijijini. Mama mjamzito analala kule, wanampitishia ile mashine tumboni, picha inakuja kwetu, kisha inatoka kwetu kwenda kwa daktari wa mjini, naye anawaambia mtoto amekaa vizuri au amekaa vibaya. Picha zikiwa nyingi, inakwama. Mimi ndiye naikodolea macho, ikikwama namwita Mfaume, anaizima na kuiwasha. Kule kijijini mama bado amelala anangoja. Wakubwa wa vituo wametupa mpaka mwisho wa mwezi wa tano, isipotulia wanatafuta mtu mwingine.

Tatizo liko kwenye dereva. Mfaume anamtengeneza mwenyewe, maana wale waliopo ni wazito kwa mashine yetu. Mimi darasa la saba langu unalijua, lakini amenikalisha kando yake ananielekeza, na nakwambia nimeanza kuushika udereva. Usingizi wenyewe siku hizi hauji, naona tu dereva mbele yangu.

Uliuliza habari za kaka Benjamini. Sijamwona tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nasikia ana fuso la mchele linalopita hapa kwenda Kigoma. Nitaangalia, kuangalia ndiyo kazi yangu.

Mwanao,
Octavian

*

Igunga
3 Machi 2024

Octavian,

Marahaba. Barua yako imekaa siku tisa kwenye ndoo ya Zuwena, imefika ina mafuta ya maandazi mpaka kwenye salamu. Mimi mzima, mguu tu. Kuku wameangua kumi na mmoja, mwewe amechukua wawili.

Nimeisoma mpaka pale pa udereva, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Siku ya tatu ndiyo nimeitoa nikamaliza. Wewe mtoto una akili? Gari lilinichukulia mume mlima Sekenke, ulikuwa mdogo lakini ulibeba msalaba siku ya mazishi. Gari hilohilo likanichukulia Benjamini, naye yu hai lakini sina mtoto. Sasa na wewe unaniambia unakosa usingizi kwa ajili ya udereva. Na huyo Mfaume anayekufundisha gari ndani ya kabati mwambie mimi nimefanya kazi kinu cha pamba miaka kumi na saba, mashine nimeziona nyingi kuliko yeye, na hakuna hata moja iliyokuwa haipo.

Yale niliyomwambia Benjamini siku ile hayakuhusu. Nilikuuliza kama umemwona, basi, jibu hilo tu.

Simu usinipigie, imekufa spika. Barua nzuri, naisoma kwa nafasi yangu.

Mvua tunapata, mpunga umesimama vizuri majarubani. Ila mvua ya mwaka huu ya ajabu, inanyesha kimya. Na hili bati ni jipya, ungedhani litapiga kelele. Nimekaa ndani nashona, nikitupa macho uani naona maji yanatembea.

Juzi nimekuta kidumu cha mawese mlangoni, kimejaa. Nimemuuliza Zuwena, kakataa. Itakuwa watu wa jumuiya, wiki ile zamu ya sala ilikuwa kwangu. Watu wema, ila wangeingia wakanywa maji.

Nakwambia na hili ili usilisikie kwa wengine. Nikishavuna mpunga, nafunga hii nyumba nakwenda Usoke kukaa kwa baba yako. Nyumba ya mtu mmoja imenichosha. Benjamini akitaka kuja aje kabla, maana akija baada ya hapo atakuta kufuli. Hilo ukimwona mwambie. Usimwambie nimekutuma.

Shangazi yako,
Benedikta

*

Gongoni, Tabora
24 Machi 2024

Shikamoo Shangazi,

Si gari. Nimecheka peke yangu mpaka Mfaume akaniuliza nimesoma nini, nikamsomea, naye akacheka, halafu akasema shangazi yako ana haki, hilo jina ni baya. Dereva wetu hana usukani wala leseni. Ni maandishi tu ndani ya kompyuta, kazi yake kuiendesha ile kadi ya kupelekea picha nje, na kadi yenyewe ni ya kujifanya kama nilivyokwambia. Hakuna atakayeanguka mlima wowote. Kunjua roho sasa.

Mimi mzima, mafua yamekwisha. Baba ameniletea karanga kwa treni na salamu zako.

Sasa nikueleze, maana nimeelewa na nikinyamaza nitapasuka. Mfaume babu wa babu yake alikuwa mnyampara wa wapagazi, wale waliobeba pembe kutoka Ujiji kupita hapa kwenda pwani, kwa hiyo kila kitu ananieleza kwa mizigo. Anasema picha moja haipiti nzima, inakatwakatwa vipande. Dereva ana vikapu mia mbili hamsini na sita vimepangwa duara. Anatia kipande kwenye kikapu, mpagazi anabeba, anafikisha, anarudisha kikapu kitupu. Akirudisha anapiga hodi, maana yake nimefika, kikapu hiki hapa. Dereva akisikia hodi anaacha alichokuwa anafanya, anapokea kikapu, anarudi kupakia.

Umeona hapo penye ubaya? Kila kipande hodi. Dereva kila akiinama kupakia anaitwa mlangoni. Siku nzima karibu, karibu, kazi haiendi. Kwa hiyo Mfaume akamfundisha ujanja. Akamwambia wewe ziba masikio upakie tu, vikapu vitupu utajiokotea mwenyewe ukipita. Siku ukikuta duara lote limejaa, huna hata kikapu kimoja, hapo ndipo zibua masikio, kaa chini, ngoja hodi.

Ujanja mzuri, na mashine ilikuwa inakimbia. Lakini ndipo ilipoanza kukwama. Mfaume alibadilisha waya, akabadilisha rauta, akalaumu umeme. Mimi nikawa naandika kwenye daftari kila ikikwama, saa ngapi, na zile namba mbili za kwenye kioo, vipande vilivyopakiwa na vipande vilivyofikishwa. Unanijua mimi kusema naona aibu, nimekaa na daftari wiki mbili. Alhamisi imekwama mbele yake, nikasema nikiangalia chini.

Nikasema, "Bwana Mfaume, dereva anangoja nini?"

"Anangoja vikapu. Duara limejaa, huoni?"

"Lakini namba ya kufika imelingana na ya kupakia. Mizigo yote imefika. Vikapu vyote vitupu."

"Basi anangoja hodi."

"Si imeshapigwa? Ulisema mpagazi hafiki bila kupiga hodi."

Alivaa miwani, Shangazi. Akaangalia kioo, akaangalia daftari langu, ukurasa hadi ukurasa, mara kumi na tisa imekwama na mara zote kumi na tisa namba zimelingana. Akasema polepole, "Kwa hiyo mpagazi amekaa nje anasema nimeshapiga. Na huyu amekaa ndani anasema sijapigiwa."

"Ndiyo."

"Na wote wawili wanasema kweli."

Akainuka akazunguka meza. Hodi ya kikapu cha mwisho imepigwa pale katikati, dereva ameshaona duara limejaa lakini bado hajazibua masikio. Kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho. Mpagazi kapiga, hakusikiwa, na hodi ya kikapu kimoja haipigwi mara mbili. Mfaume akanishika bega akasema mwaka mzima nimetafuta kwenye waya, kumbe ni adabu ya hodi.

Tumejaribu kumwambia dereva asizibe masikio kabisa. Hakwami tena, ila anatambaa kama kinyonga, kila dakika yuko mlangoni. Kwa hiyo ugonjwa tumeujua, dawa bado. Nina furaha isiyo na mfano, sijui hata kwa nini, mimi ambaye shuleni sikuwahi kunyoosha mkono.

Shangazi, nikuulize kitu kidogo. Kengele ya parokia bado inapigwa saa kumi na mbili asubuhi kama zamani?

Mwanao,
Octavian

Kaka Benjamini bado. Malori ya Kigoma yanaegesha nyuma ya soko, napita pale kila Jumamosi.

*

Igunga
21 Aprili 2024

Octavian mwanangu,

Marahaba. Hii imechelewa, Zablon alikuwa na homa, basi limekuwa na konda mwingine ambaye simwamini hata na kichungi cha chai.

Nimesamehe habari ya dereva. Tumeanza kukata mpunga wa jaruba la chini, vijana wawili wananisaidia, kila nikigeuka nawakuta wamesimama wananiangalia kama nimefanya jambo. Vifaranga wamebaki saba.

Kengele siku hizi hawapigi. Sijui kamba imekatika au ni paroko mpya. Mimi naamka na jogoo, naye ameshakuwa mvivu, jua linatoka ndipo namwona anatanua shingo.

Sasa huyo dereva wenu. Nimesoma mara mbili, na naona nyie wawili na huyo mnyampara mnahangaika na jambo la jikoni. Mimi nikiwa nyuma napika, au nimelala kidogo mchana, mtu akija mbele mimi sina habari naye. Nina umri, siwezi kukaa nimeutazama mlango kutwa, kazi atafanya nani? Lakini nikishatoka jikoni, kabla makalio hayajagusa kiti, nakwenda kwanza kuchungulia mlangoni. Mara moja tu. Kama yupo mtu, yupo. Kama hayupo, ndiyo nakaa sasa nangoja hodi. Huyo dereva wenu kosa lake anazibua masikio anakaa hapohapo. Nani kamwambia akae? Achungulie kwanza.

Hii tabia nimeianza tangu kile kidumu cha mawese. Nilisema safari hii watu wa jumuiya nitawakamata. Sijawakamata. Jumatano nimechungulia nimekuta samaki wale migebuka, wamefungwa vizuri kwenye jani la mgomba, bado wana harufu ya moshi. Mtu hakuna. Vumbi la gari tu linatua barabarani.

Usimsahau mwenzio kule nyuma ya soko.

Shangazi yako,
Benedikta

*

Gongoni, Tabora
12 Mei 2024

Shikamoo Shangazi, shikamoo mara mia. Dawa yako imeponya.

Nilimsomea Mfaume barua yako nikiwa nimesimama. Nilipofika pale pa makalio na kiti aliniambia rudia. Nikarudia. Akasema rudia tena, akawa hacheki. Halafu akavuta kiti akaandika mistari mitatu. Mitatu tu, Shangazi. Dereva akikuta duara limejaa anazibua masikio, halafu kabla hajakaa anachungulia mlangoni mara moja. Akikuta vikapu vimesharudi anaokota anaendelea kupakia, hana haja ya kungoja mtu. Asipokuta, ndiyo anakaa, na hapo hodi yoyote ataisikia maana masikio yako wazi. Hakuna tena pale katikati.

Tumeijaribu Jumatatu. Mfaume amezirundika picha elfu tatu kwa pamoja. Mimi nimekaa na daftari, kalamu tayari, nangoja ikwame niandike. Namba zinapanda. Mia tano. Elfu. Zamani haikuwahi kuvuka elfu moja na mia mbili. Mfaume anasema, "Usipumue." Zikapita. Zikaenda mpaka mwisho, na dereva akabaki kimya, masikio wazi, hana kazi. Leo siku ya sita haijakwama hata mara moja, na daftari langu ukurasa mweupe. Sijawahi kufurahia ukurasa mweupe.

Mfaume amekupa jina. Pale juu ya ile mistari mitatu ameandika kwa lugha yake ya kompyuta, Kuchungulia kwa Benedikta. Nimeona kwa macho yangu. Amesema mtu yeyote atakayekuja kuisoma baadaye atajua ni kwa nani.

Mkubwa mmoja wa vituo anakuja tarehe thelathini na moja kuangalia. Mimi siogopi tena, labda nitaogopa kuongea.

Baba amemaliza kukausha tumbaku. Anasema chumba chako amekipiga lipu. Sikupenda kusikia kile chumba kimepigwa lipu, Shangazi, nisamehe.

Naomba nikuulize jambo jingine, na hili ujibu. Kile kidumu cha mawese, mkono wake umefungwa kamba? Ya rangi gani?

Mwanao,
Octavian

*

Igunga
2 Juni 2024

Octavian,

Marahaba. Sikuelewa yote ila nimefurahi, na hilo jina langu waambie walifute, watu watauliza Benedikta ni nani. Au liacheni.

Mpunga umeingia ndani wote. Kufuli nimenunua. Jumapili tarehe kumi na sita, baada ya misa, nafunga, Zuwena anachukua kuku, mimi napanda basi la saa tano kuja Tabora na kesho yake treni ya Usoke. Uje unipokee stendi.

Kidumu kina kamba ya bluu, imesukwa mara tatu. Kimekuja kingine wiki iliyopita, kamba hiyohiyo. Watu wa jumuiya wanakataa, nimewauliza mmoja mmoja. Wewe umejuaje kama kina kamba?

Shangazi yako

*

Gongoni, Tabora
Jumamosi, 15 Juni 2024

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia Jumatano, na kutoka Jumatano mchana nimehamia nyuma ya soko. Mfaume ameniruhusu. Yule mkubwa alikuja, akakaa siku nzima, mashine ikakimbia siku nzima, vituo vyote vinne vimekubali, kwa hiyo Mfaume kwa sasa ukimwomba hata miwani yake atakupa.

Ile kamba ya bluu nilikuwa nimeiona mwezi wa nne. Kuna fuso la kijani lilikuwa limeegeshwa peke yake, dereva kaenda kula, nyuma kumepangwa vidumu vya mawese vimefungwa kamba ya bluu, imesukwa mara tatu kama tulivyokuwa tunasuka tukichunga mbuzi Usoke. Nikaondoka bila kumngoja. Ningengoja ningesema nini? Niliogopa, nisamehe, ningekuwa na mdomo haya yangekwisha zamani.

Alhamisi saa nne amekuja. Kaka Benjamini. Amenenepa.

Akaniita yeye. "We Octavian. Umekuwa mlingoti."

Nikamsalimia. Nikaangalia tairi. Nikasema, "Umemwona mama?"

"Mama gani? Mimi na mama tumemalizana."

"Nani kasema?"

"Yeye. Aliniambia pale mlangoni kwake, usipige hodi mlango huu mpaka uache gari. Nikasema ni hasira ya msiba, atalainika. Nimekwenda mara tatu mwaka huu, Octavian. Mara tatu. Napiga moja, napiga mbili, napiga tatu. Moshi unatoka jikoni. Kuku wanakula mahindi yamemwagwa sasa hivi. Yumo. Kimya. Mtu mzima na ndevu zangu nimesimama napiga hodi nyumbani kwetu kama mkusanya michango. Naacha kitu naondoka."

"Hakusikia."

"Asisikie yeye? Yule anasikia panya akitafuna kwenye ghala la jirani."

"Hiyo zamani, kaka."

Akaacha kufunga turubai. "Unasema nini?"

Hapo nimesema, Shangazi. Maneno mengi kuliko niliyosema mwaka mzima. Nikamwambia mvua ya Igunga siku hizi inanyesha kimya juu ya bati jipya. Kengele haipigwi, na Zablon konda mwenyewe ananiambia inampigia masikioni kila asubuhi akisubiri abiria. Jogoo anaonekana, hasikiki. Simu imekufa spika. Vijana wa mpunga wanaongea mgongoni kwake halafu wanasimama wanamshangaa. Nisamehe. Wewe hukuniambia, ni mvua iliyoniambia. Na sikutaka kuliandika kabla hujataka mwenyewe, lakini kufuli umeshalinunua.

Alikaa kwenye ngazi ya gari. Akavua kofia akaishika. Akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikasema sijui, labda tangu zile kelele za kinuni, labda ilianza kidogo kidogo.

"Na mimi napiga hodi."

"Na yeye yuko jikoni anasema mwanangu haji. Anadhani ni jumuiya inayoleta mawese."

"Jumuiya," akasema. Akacheka kidogo, halafu hakucheka, akajifuta uso kwa kofia, nikaangalia tairi tena.

Nikamweleza habari ya dereva wetu. Yeye alielewa upesi kuliko mimi, labda kwa sababu ni dereva. Nikamwambia tofauti ni moja. Mpagazi wa kwenye kompyuta hachoki, akishapiga hodi anakaa palepale na kikapu chake, kwa hiyo ukichungulia, hata umechelewa kiasi gani, utamkuta. Lakini wewe kaka unapiga tatu unaondoka, na mama anachungulia anakuta vumbi. Yeye amejifunza kuchungulia. Wewe nawe ujifunze kukaa.

Akasema, "Alikwambia anachungulia?"

"Kila akitoka jikoni. Kabla hajakaa."

Akasema anashusha mizigo yake Ijumaa, Jumamosi asubuhi ananipitia, tutafika Igunga mchana, siku moja kabla ya kufuli. Kuhusu gari hajasema ataacha na mimi sijamwomba, mtaongea wenyewe. Ila mtaongea mkitazamana, hiyo nimemwambia. Na asigeuze uso akiongea, na asipaze sauti, hupendi.

Kwa hiyo barua hii simpi Zablon. Naibeba mwenyewe. Chini ya mlango wako kuna ule uwazi waliokuwa wanapita vifaranga, nitaisukuma hapo, na kaka atapiga hodi zake tatu kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha tutakaa kizingitini, hata ikiwa mpaka jua lizame. Juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa, FUNGUA MLANGO KWANZA. Huku ndani utasoma baadaye tukiwa tunakunywa chai. Nimewaza utaniambia nimefuja karatasi.

Lile kufuli litatufaa, tutafungia ghala la mpunga.

Nilitaka kukueleza mengine, Mfaume ananifundisha sasa upande wa pili, jinsi mizigo inavyoingia badala ya kutoka, na nako kuna hodi zake. Lakini fuso liko nje linanguruma na watu wa saluni wametoka kuangalia. Kaka amekuja mpaka mlangoni. Amepiga hodi nikasema nimalizie mstari. Sasa amepiga ya pili. Naondoka, Shangazi, ya tatu sitaki aipige bila kuitikiwa.

Octavian